SIMU ISIWE KIPANDE

Ndugu wanachama, na nyinyi wafanyakazi wa Tiwi, Diani, Ukunda, Msambweni na penginepo katika Kwale ambao bado hamjaingia chamani,

Leo hatuandiki habari za mshahara, ingawa kabla ya kufika mwisho mtaona kwamba ni habari za mshahara vile vile. Twaandika habari za kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho, mwanamume mfukoni na mwanamke kwenye fundo la leso. Twaandika habari za simu.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, afanyaye kazi ya dobi katika hoteli moja ya pwani hii, alitoka nyumbani kwake Tiwi asubuhi, akapanda matatu, akafika kazini saa mbili kama alivyoandikiwa. Getini askari akamwambia amechelewa. Zamu ilikuwa imegeuzwa, alitakiwa saa kumi na mbili. Alipouliza nani aliyemwambia, akajibiwa kwamba tangazo lilitiwa katika kikundi cha WhatsApp jana yake saa tatu ya usiku. Yeye hakuliona. Simu yake ilikuwa imefungwa na kampuni iliyomkopesha, kwa kuwa siku mbili alikuwa hajatia zile shilingi 60 za kila siku. Na hakuzitia kwa sababu mshahara ulikuwa haujatoka.

Basi tazameni duara hili, ndugu zetu. Tajiri amechelewesha mshahara. Kwa hivyo simu ikafungwa. Kwa hivyo tangazo la tajiri halikuonekana. Kwa hivyo mfanyakazi akaandikiwa barua ya onyo, kosa lake kuchelewa. Twauliza: aliyechelewa kwanza ni nani?

Barua hiyo ni ya pili kwake, na ya tatu ina maana ya kufukuzwa. Chama kimeishika kesi yake na tunapoandika haya bado iko mezani. Lakini hatukukusudia kueleza kesi ya mtu mmoja tu. Wengi wenu mkisoma mtasema, "Huyu ni mimi." Ndiyo maana tumeandika.

KIPANDE KILIKUWA NINI

Wazee walitusimulia habari za kipande, na vijana wengi hawazijui. Serikali ya mkoloni ilitunga sheria mwaka 1915, ikaanza kuitumia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwamba kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 achukue karatasi. Karatasi hiyo ilikuwa na jina lake, alama za vidole vyake, majina ya mabwana aliowafanyia kazi na mshahara aliokuwa akipata. Ilitiwa katika kikopo cha chuma na kutundikwa shingoni. Mtu hakuweza kuacha kazi akaenda kwingine mpaka bwana wake atie sahihi. Akiondoka bila sahihi hiyo alihesabiwa mtoro, akashitakiwa. Harry Thuku na wenziwe walikipiga vita mwaka 1921 na 1922, na watu wakauawa kwa risasi Nairobi Machi 1922 walipodai afunguliwe. Kipande cha namna hiyo kiliondolewa mwaka 1947, mwaka ule ule ambao wafanyakazi wa Mombasa walisimamisha mji mzima kwa mgomo mkuu wa mwezi wa Januari, wakiongozwa baadaye na Chege Kibachia.

Sasa tulinganishe. Kipande kilieleza wewe ni nani, na simu yaeleza. Kipande kilikuwa na alama za vidole, na simu inazo. Kipande kilieleza ulifanya kazi kwa nani. Simu yaeleza hayo, na zaidi ya hayo yaeleza ulikuwa wapi jana usiku, ulizungumza na nani, nani alikutumia fedha, unadaiwa na nani, na picha za watoto wako. Kipande kilikuwa na bwana mmoja wa kutia sahihi, lakini simu ina mabwana wanne: aliyeiunda, aliyeiuza kwa mkopo, mwenye mtandao, na tajiri wa kazini. Na iko tofauti moja ya kuchekesha. Kile kipande babu zetu walipewa bure. Hiki twakinunua wenyewe, twakilipia umeme na bando, na kikivunjika kioo twakililia.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi simu ni mbaya. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mfanyakazi wa Diani aweza kumpelekea mamake fedha Kinango au Lunga Lunga bila kumpa dereva bahasha na kuomba Mungu. Simu imetuokoa mara nyingi. Twalosema ni hili: chombo ni kizuri kikiwa mkononi mwa mwenyewe. Kikiwa mkononi mwa mwingine na shingoni mwako wewe, hicho ni kipande.

KWANZA: CHOMBO CHA KAZI NI CHA TAJIRI

Hoteli haimwambii mpishi aje na sufuria yake. Haimwambii mtunza bustani aje na mpira wa maji, wala dobi aje na pasi. Chombo cha kazi hutolewa na mwenye kazi. Hiyo ni desturi ya kale na hakuna tajiri aliyeipinga. Mbona basi kwa simu desturi hiyo imekufa? Siku hizi orodha ya zamu iko katika simu, maagizo ya jikoni yako katika simu, na picha ya chumba kilichosafishwa hutakiwa ipigwe kwa simu na kupelekwa kwa mkuu wa zamu. Simu ni ya nani? Ya mfanyakazi. Bando la nani? La mfanyakazi. Akisema sina bando, aambiwa hana moyo wa kazi.

Zamani orodha ya zamu ilibandikwa ubaoni kwa misumari minne. Haikuhitaji bando wala chaja. Kila mtu aliiona akitoka kazini, akajua kesho yake. Tena ilikuwa haigeuki usiku, kwa sababu hakuna meneja aliyetaka kutoka kitandani saa tatu ya usiku kwenda kung'oa misumari. Leo meneja hahitaji kutoka kitandani. Anagusa kioo kwa kidole, na watu arobaini wanaamshwa. Urahisi wake umekuwa taabu yetu.

Mwenye kukaa macho usiku akingoja kujua kama kesho ana kazi, huyo yuko kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Siku ambayo lazima uwe unatazama simu kila saa si siku ya kupumzika. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherarkey alipeleka mswada katika Seneti kwamba mfanyakazi asilazimishwe kujibu simu na barua za tajiri baada ya saa za kazi. Shirikisho la waajiri likaupinga, likasema utaharibu biashara. Lakini Ufaransa sheria ya namna hiyo inatumika tangu tarehe 1 Januari 2017, na hoteli za Paris hazikufungwa. Wageni wale wale wanaotoka huko kuja kulala katika vitanda tunavyovitandika wameacha kwao haki ambayo sisi twaambiwa haiwezekani.

PILI: SIMU YA MKOPO

Mwaka 2020 Safaricom pamoja na Google walitangaza mpango wa kulipa mdogo mdogo, shilingi 20 kwa siku, na kampuni nyingine zinafanya biashara hiyo kwa bei na masharti yao. Wengi wetu tumepata simu kwa njia hii, na asiyekuwa na elfu kumi na tano kwa mkupuo hana njia nyingine. Hatuwacheki waliokopa. Hata sisi tunaoandika tumekopa.

Lakini hesabu ni hesabu. Chukueni mfano huu, kila mtu auweke na wake. Umetoa rehani ya shilingi 3,000, kisha shilingi 60 kwa siku, siku 365. Sitini mara 365 ni 21,900. Ongeza rehani, jumla 24,900. Ikiwa simu hiyo dukani kwa fedha taslimu ni 15,000, basi umelipa 9,900 zaidi kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wewe ni maskini. Tajiri akinunua simu hiyo hiyo analipa 15,000. Ndipo wahenga waliposema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Walakini bei si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni kufuli. Ndani ya simu hizi mna programu iliyotiwa kabla hujaishika, ambayo huwezi kuitoa. Siku ikipita hujalipa, kioo kinajifunga, na linalobaki ni namba ya kulipia. Mwenye kudai hahitaji kuja kwako, hahitaji barua, hahitaji hakimu. Yuko mbali, huenda yuko nchi nyingine, naye akufungia wewe uliyeko Tiwi. Na anapofunga hafungi ile sehemu ya simu unayodaiwa. Afunga yote. Yafungwa M-Pesa yenye fedha zako ambazo si zake. Yafungwa mazungumzo na mwalimu wa mtoto. Yafungwa orodha ya zamu, ambayo ndiyo ingekupatia hizo shilingi 60 za kumlipa yeye. Huyu ni mdai anayemkata mdeni wake mikono, kisha amwambia nenda kalime unilipe.

Ziko sheria ambazo zilifikiri habari hii kabla ya simu kuwako. Sheria ya Kenya ya kununua vitu kwa malipo ya kidogo kidogo, ya mwaka 1968, yasema kwamba mnunuzi akiisha kulipa theluthi mbili za bei, mwenye mali hawezi kukinyakua kitu hivi hivi, hana budi kwenda mahakamani. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wakifikiri habari za cherehani na redio na baiskeli. Walijua kwamba mtu aliyelipa sehemu kubwa ana haki yake ndani ya kitu kile. Sasa twauliza: mtu aliyelipa siku 300 katika 365, akafungiwa simu kwa ajili ya siku mbili, je, hakunyang'anywa? Kampuni itajibu, "Simu unayo mkononi." Ndiyo, kama vile mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake anavyoweza kuugusa ukuta. Twataka mawakili wa wafanyakazi walichukue jambo hili mpaka mahakamani, na twataka Bunge liitengeneze sheria ile iseme wazi kwamba kufunga ni kunyang'anya.

TATU: VITU VISIVYOTAKA KUTENGENEZWA

Mafundi wetu wa Ukunda ni hodari. Mpe fundi wa pale simu iliyoanguka baharini, atakurudishia inazungumza. Lakini muulizeni fundi huyo simu za leo zikoje. Atawaambia kwamba zamani kifuniko cha nyuma kilifunguliwa kwa ukucha, betri ikatolewa, nyingine ikatiwa. Leo simu imegundishwa kwa gundi, betri imegandishwa ndani, na ukifungua vibaya umevunja kioo cha thamani ya nusu ya simu. Haikuwa bahati mbaya. Kitu kisichotengenezeka hununuliwa tena.

Na kompyuta vile vile. Ziko ofisi nyingi za vyama na za shule katika Kwale zenye kompyuta za mkononi mwa pili, zenye umri wa miaka minane au kumi, zinazopiga chapa vizuri na kuweka hesabu vizuri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida yake, na hiyo iliyofuata, Windows 11, haizikubali kompyuta nyingi za zamani kwa kuwa hazina kipande fulani cha usalama ndani yake. Mashine haikuharibika. Kibodi ni nzima, kioo ni kizima, umeme unaingia. Imeambiwa tu kwamba imekufa, na aliyeiambia yuko Marekani. Sisi kwetu baiskeli haifi mpaka fundi aseme imekufa.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kwamba iko programu iitwayo Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na kijana wa Finland, Linus Torvalds, ikajengwa na maelfu ya watu bila kuuzwa. Ni ya bure, na kompyuta nyingi ambazo Windows 11 imezikataa zinaikubali. Twawashauri makatibu wa matawi wasikimbilie kununua mashine mpya kwa michango ya wanachama kabla ya kumwita kijana ajuaye kazi hii aijaribu. Ya pili ni sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa vitu, nao umeamuru kwamba kuanzia Februari 2027 betri za simu ziwe za kutoleka na mwenyewe. Tangu Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima zitumie chaja ya namna moja. Mzungu amechoka kununua chaja kumi, ameiambia kampuni basi. Je, sisi tuliotengeneza viatu kwa matairi ya gari ndio tuambiwe hatuna haki ya kutengeneza?

NNE: WENZETU WASIO NA KITAMBULISHO

Hapa tuwataje ndugu zetu Wamakonde, kwa kuwa hakuna mfano mkubwa zaidi katika kaunti yetu. Watu hawa walitoka kusini, Msumbiji na Tanganyika, kuanzia miaka ya 1930, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Walikata miwa ya Ramisi mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1988. Walichonga vinyago ambavyo watalii wamevichukua duniani kote. Watoto wao walizaliwa hapa, na wajukuu pia. Lakini hawakupewa vitambulisho. Na tangu mwaka 2010, ilipoanza kazi ya kuandikisha laini za simu, asiye na kitambulisho hakuwa na laini kwa jina lake. Asiye na laini hana M-Pesa. Asiye na M-Pesa, kibarua akilipwa kwa simu, fedha zake zaingia katika simu ya jirani. Fikirini: umefanya kazi wewe, umetoka jasho wewe, kisha jioni waenda kumbembeleza jirani akupe ujira wako, naye siku hiyo huenda ana njaa kama wewe.

Wamakonde hawakungoja. Oktoba 2016 walishika njia kutoka Kwale, wanaume kwa wanawake, kwenda Nairobi kumwona Rais. Walizuiwa njiani, hawakurudi. Wakapokewa Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe. Mapema mwaka 2017 vitambulisho vikaanza kutolewa, wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani yetu nao wakatambuliwa Julai 2023. Haki ile haikuletwa na bahasha ya serikali. Ililetwa na miguu.

Na somo hili lina upande wa pili. Baadhi ya hoteli na viwanda sasa vina mashine ya kupima vidole asubuhi. Kidole kisiposomeka, siku yako haihesabiwi. Lakini vidole vya nani havisomeki? Vya dobi aliyeunguzwa na sabuni na dawa ya kung'arisha nguo. Vya mkata miwa. Vya mwashi aliyeshika saruji miaka ishirini. Kazi imefuta alama za vidole, kisha mashine yasema hakuna mtu hapa. Hatukubali. Palipo mashine pawe na daftari pembeni, na neno la mfanyakazi na shahidi wake likubaliwe.

TANO: SIRI YA MTU NI YA MTU

Mahali fulani picha ya chakula cha wafanyakazi ilitoka nje, nacho hakikuwa chakula cha kumpa mtu. Badala ya kutengeneza chakula, wakubwa waliwapanga watu mstari na kuwaambia wafungue simu zao zitazamwe. Walifungua. Waliogopa. Mmoja alikuwa na habari za ugonjwa wake humo ndani, na sasa idara nzima yazijua.

Ndugu, msifungue. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yasema kila mtu ana haki ya faragha: asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake, vitu vyake visitwaliwe, habari za jamaa yake na mambo yake ya siri zisitakiwe bila sababu, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaongeza kwamba una haki ya kuambiwa habari zako zatumiwa kwa kazi gani, kuziona, kukataa, kusahihisha, na kutaka za uongo zifutwe. Iko ofisi ya Kamishna wa kulinda data, na malalamiko hupelekwa huko. Na wale wakopeshaji wa simu waliokuwa wakipiga simu kwa wakwe na mashemeji kumtangaza mdeni, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimewakataza.

Si tajiri peke yake. Serikali nayo yapenda kuchungulia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilizuia mpango wa kutia chombo katika mitandao ya simu ili kutazama simu zote zilizomo. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2024 likatoka tangazo kwamba namba ya kila simu inayoingia nchini ipelekwe kwa watoza ushuru. Taasisi ya Katiba ikashitaki, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikalifuta tangazo hilo kwa kuwa lilivunja Katiba. Mwaona basi: sheria ni kama jahazi, huenda upande wa upepo. Asiyevuta kamba asishangae linakoishia.

WANAOTUPINGA

Wako wasemao: "Asiye na makosa haogopi kutazamwa." Neno hilo liliambiwa babu zetu pia walipovishwa vikopo. Aliye nalo na alianze yeye. Meneja na aweke simu yake mezani, tuzisome barua zake na mabwana zake kuhusu mishahara yetu. Akikataa, tumeelewana.

Wengine wasema: "Bila kufuli hakuna atakayewakopesha, mtarudi kukosa simu." Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Mwenye kukopesha ana haki ya kulipwa. Lakini duka la Ukunda lilimkopesha mtu cherehani bila kumfungia mkono, na likalipwa. Na wapo njia za katikati: siku za huruma kabla ya kufunga, kupokea simu kubaki wazi, M-Pesa isiguswe, na aliyelipa theluthi mbili asifungiwe bila hakimu. Mkopeshaji asiyeweza kuishi kwa masharti hayo hakuwa akiuza simu, alikuwa akiuza hofu.

Na wako wenzetu wenyewe wasemao chama kiache mambo ya simu, kishughulike na mshahara. Tumewaonyesha dobi wetu. Mshahara wake na simu yake ni kamba moja yenye ncha mbili.

TUNAYOTAKA

Katika mazungumzo ya mkataba yajayo, twataka haya yaandikwe:

1. Orodha ya zamu ibandikwe ubaoni, si chini ya siku tatu kabla. Tangazo la simu lisihesabiwe kuwa tangazo peke yake.
2. Anayetaka mfanyakazi atumie simu kwa kazi ampe simu, au amlipe bando na matumizi.
3. Baada ya zamu, mfanyakazi asiyejibu asiadhibiwe.
4. Simu ya mfanyakazi isipekuliwe na yeyote kazini.
5. Mashine ya vidole iwe na daftari pembeni, na mfanyakazi aonyeshwe kilichoandikwa juu yake akitaka.
6. Mtu asifukuzwe kwa ujumbe wa simu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chataka aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, mwenziwe au mwakilishi wa chama akiwapo, naye asikilizwe.
7. Mshahara ukichelewa, tajiri abebe hasara inayotokana na kuchelewa huko.

NA SISI WENYEWE

Haitakuwa haki kuwasema wengine na kujisahau. Yako matawi ambayo daftari la wanachama, lenye namba za vitambulisho na za simu, hulala mezani wazi, kila apitaye akasoma. Lifungiwe kabatini. Wako wanachama wanaopeleka maneno ya mkutano wetu kwa meneja kabla kiti cha mwenyekiti hakijapoa. Wajue kwamba twawajua. Wako viongozi wanaofukuza watu katika kikundi cha simu kwa kuuliza swali juu ya michango. Hiyo nayo ni kufuli, nasi hatuitaki.

Tena, kila mmoja afanye mambo matatu wiki hii. Asome karatasi ya mkopo wa simu yake, na asiyejua kusoma amletee mwakilishi. Aandike kwa kalamu, katika kitabu, namba za watu wake watano, ili siku simu ikifungwa asiwe yatima. Na onyo lolote atakalopewa kwa jambo la simu, alilete ofisini kabla hajatia sahihi. Mama yule wa dobi alitia sahihi akiwa peke yake, kwa hofu, na hiyo ndiyo inayotupa kazi sasa.

Kesi yake itasikizwa wiki ijayo. Wasio na zamu siku hiyo na waje getini, wasimame kimya, wasimtukane mtu. Siku na saa hatuzitii katika simu. Zimebandikwa ubaoni, penye ofisi ya chama, kwa misumari minne.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Umoja ni nguvu.

Sisi wenu katika chama,
Kamati ya Tawi, Tiwi